Bleni si Mfagizi: Kabla Hujamleta Samaki wa Mwambani Sebuleni

Simu ninazopokea kuhusu samaki huyu hufanana. Mtu amefunga tangi la maji chumvi nyumbani, tuseme Mikocheni au Tabata, ameweka mawe, taa nzuri na matumbawe mawili matatu. Baada ya muda kioo kinaota utando wa kijani. Anashauriwa anunue bleni, "samaki wa kula uchafu". Bleni anafika, kioo kinatakata, nyumba nzima inafurahi. Miezi miwili baadaye: "Shikamoo mtaalamu. Samaki wangu simwoni na kidonda wala madoa, ila kila siku anazidi kukonda."

Ana njaa, basi. Kioo kilipotakata ndipo chakula chake kilipokwisha.

Bleni ni familia kubwa, Blenniidae, yenye spishi karibu 400. Anayeuzwa kwa kazi hii ni Salarias fasciatus, samaki wa kahawia mwenye madoa meupe, anayefikia sentimita 14 hivi. Si mgeni kwetu: anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Hana magamba, mwili wake ni ngozi na ute mtupu. Hana pia kile kifuko cha hewa kinachowafanya samaki wengine waelee, hivyo akiacha kuogelea anazama. Ndiyo maana muda mwingi amekaa juu ya jiwe, amejiegemeza kwa mapezi ya tumboni kama mzee barazani, huku kila jicho likizunguka upande wake. Nakiri ninampenda kuliko samaki wengi wenye rangi za kuvutia. Ukimtazama, naye anakutazama.

Siri iko kwenye meno yake, membamba, mengi, yamepangana kama kitana. Meno hayo hayakati mwani mrefu, yanakwangua. Anachokwangua ni utando ulioshika jiwe: mwani mfupi unaochipua, bakteria, vijidudu na mabaki yaliyotua hapo. Kwa hiyo anayemnunua ili aondoe mwani mrefu wa nywelenywele atangoja sana. Mwani huo ung'oe kwa mkono, kisha tafuta kilichouotesha, ambacho mara nyingi ni chakula unachowamwagia samaki wengine kupita kiasi.

Tangi jipya lina shida mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, bakteria wa kugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, huhitaji kama wiki nne hadi sita kuzaliana vya kutosha. Kabla ya hapo maji yanaweza kumuua samaki yeyote. Pili, hata maji yakishakuwa salama, mawe bado ni meupe, hayana utando. Mimi nisingemleta bleni kabla ya tangi kutimiza miezi sita, nisingemweka kwenye tangi la chini ya lita 150, na nisingeweka wawili wa aina moja. Watapigania shimo la kujificha mpaka mmoja ashindwe kutoka kwenye kona.

Utajuaje anakula? Kwenye kioo chenye utando ataacha alama za midomo, vijiduara vidogo kana kwamba mtoto amebusu dirisha. Alama zikikosekana kwa siku kadhaa, mtazame tumbo. Tumbo la bleni mwenye afya ni la mviringo. Likibonyea nyuma ya kichwa, umeshachelewa kidogo. Mpe mwani mkavu, zile karatasi za kufungia sushi (wali wa Kijapani), zisizotiwa mafuta wala viungo, au ule mwani mpana wa kijani unaoota juu ya mawe na kuonekana maji yakipwa, mradi umeutoa mahali safi na kuuosha. Wengine hawaitambui karatasi inayoelea kuwa ni chakula. Ifunge kwenye jiwe kwa mpira, uiache hapo usiku. Na msimlaumu akianza kudonoa ute wa matumbawe au nyama ya chaza: mara nyingi ni njaa hiyo hiyo.

Sasa maji, maana hapa Dar ndipo wengi wanapopoteza fedha. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita. Tangi la lita 200 limebeba kilo 7. Zikikauka lita 10, chumvi haiendi popote: kilo zile zile 7 sasa zimo ndani ya lita 190, sawa na karibu gramu 37 kwa lita. Ukijazia maji ya bahari, unaongeza gramu nyingine 350. Kinachojaziwa ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tena yaliyochujwa vizuri. Ya bomba yana klorini, na visima vingi vya jijini vina chumvi na madini yake vyenyewe.

Naulizwa pia kama chumvi ya mashamba ya Bagamoyo inafaa, kwa kuwa "si imetoka baharini?" Imetoka baharini, lakini njiani imeacha vitu. Maji yanapokauka shambani, kalisi hutua mapema, kabla ya chumvi ya kula. Magneziamu hubaki kwenye maji machungu ya mwisho yanayomwagwa. Unachopakia kwenye gunia ni karibu sodiamu kloridi tupu. Bleni huenda akavumilia kwa muda, ila matumbawe yanayojenga mifupa kwa kalisi hayatavumilia. Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa akwariamu, au maji ya bahari yaliyochotwa mbali na mito na bandari, maji yakiwa yamejaa, na si wakati wa masika mvua inaposukuma tope baharini.

Joto ndilo adui mkubwa zaidi. Vitabu vingi vya ughaibuni vinasisitiza hita. Sisi wakati wa kaskazi tunahitaji kinyume chake. Lenga nyuzi 25 hadi 27. Chumba kilichofungwa mwezi Februari hupita hapo kirahisi, na taa na pampu nazo huongeza joto. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inaweza kushusha nyuzi mbili au zaidi, ingawa siku zenye unyevu mwingi hewani nguvu yake hupungua, na ukaukaji wa maji huongezeka, kwa hiyo rudi kwenye hesabu ya hapo juu. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, matumbawe ya pwani yetu yalipauka kwa wingi. Tangi lako linaweza kufanya hivyo kwa mchana mmoja.

Umeme ukikatika, feni na pampu husimama pamoja, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni ya lazima, inunue kabla ya samaki. Funika tangi kwa wavu: bleni akishtuka huruka, na wengi hukutwa asubuhi wamekauka nyuma ya kabati.

Si kila bleni hana madhara. Meiacanthus mossambicus wa maji yetu ana meno ya chonge ya chini yenye sumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa sumu ya jamaa zake ina chembe zinazofanana na dawa za kutuliza maumivu na hushusha shinikizo la damu. Samaki anayemmeza hutetemeka, hufungua kinywa, na bleni hutoka zake mzima. Kwenye tangi ni mpole, ila usimshike kwa mkono mtupu. Wa kumkwepa kabisa ni Aspidontus taeniatus, anayejifanya ni yule samaki mwenye mstari mweusi anayesafisha wenzake, kisha huwanyofoa mapezi. Tazama kinywa: cha msafishaji halisi kiko nchani mwa pua, cha huyu laghai kiko chini yake.

Msiende kumvua bleni kwenye visiwa vya Dar: Bongoyo, Mbudya, Pangavini wala Fungu Yasini. Hayo ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na leo yanalindwa na Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Mahali pengine, muulize kwanza ofisa uvuvi wa wilaya kuhusu kibali. Matumbawe ya mawe yanadhibitiwa pia na mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kipande kisicho na karatasi kiacheni.

Ukienda kununua, usiangalie rangi kwanza. Bleni hubadili rangi kwa hofu tu. Mwangalie tumbo kwa ubavu, kisha mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Asipokula, muache palepale, hata ukipunguziwa bei.