Oscar mbili: ya lemingi na ya nyumbu

Tukionyesha filamu za wanyamapori mashuleni, swali halikosi: ikiwa imeshinda tuzo, basi yote yaliyomo ni kweli? Hapana.

Mwaka 1959 Oscar ya filamu ya makala ilichukuliwa na White Wilderness ya Disney. Humo lemingi, wanyama wadogo wa jamii ya panya wa nchi za baridi, wanaonekana wakijitupa majini kutoka gengeni, kundi baada ya kundi. Mwaka 1982 televisheni ya CBC ya Kanada ikafichua yaliyofanyika. Wanyama walinunuliwa Manitoba wakapelekwa Alberta, mahali ambapo hawaishi. Wakawekwa kwenye meza inayozunguka, iliyotandazwa theluji, ili wachache waonekane wengi. Kisha wakasukumwa mtoni, na mtazamaji akaambiwa ni bahari. Lemingi hawajiui. Wakizidi idadi huhama, na wengine huzama wakivuka maji. Lakini kisa chao bado kinasimuliwa, hata na walimu.

Mwaka huohuo wa 1982, Bristol, Uingereza, lilianzishwa tamasha la Wildscreen, ambalo tuzo zake za Panda ni za filamu za aina hii tu.

Turudi kwenye Oscar. Mwaka 1960 zamu ilikuwa ya Bernhard Grzimek, Mjerumani, kwa filamu ya Serengeti. Yeye na mwanawe Michael walihesabu wanyama kutoka angani, ndani ya kindege kilichopakwa mistari ya pundamilia. Walipata nyumbu kama laki moja. Leo, baada ya chanjo ya ng'ombe kuikomesha sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliowaua nyumbu pia, wamepita milioni. Tarehe 10 Januari 1959 kindege kiligongana na tumbusi, Michael akafariki. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Hesabu ile ilikuwa kazi ya kweli. Ila Wamaasai, ambao mwaka huohuo wa 1959 waliondolewa Serengeti, filamu inawatazama kama kero, na hilo halikuinyima tuzo.

Na sauti je? Hatua za dubu kwenye theluji mara nyingi ni mtu studioni anayeminya soksi iliyojazwa unga laini wa mahindi. Hilo mimi silihesabu kuwa ulaghai, maana hakuna mnyama aliyesumbuliwa. Lenzi ndefu humwona dubu aliye mbali sana. Kinasa sauti hakimsikii.