Mwani Unapoondoka Mwambani: Habari za Pwani ya Mashariki ya Tasmania

Aliyekulia pwani yetu akisikia mtu anataja mwamba wa bahari, hufikiria matumbawe mara moja. Kusini mwa Australia, ninakofanyia utafiti wangu, upo mwamba wa namna nyingine, unaoambaa na pwani kwa takriban kilomita 8,000, na matumbawe siyo yaliyoujenga: ni jiwe tupu lililovikwa mwani.

Mwani wenyewe si kama ule ambao akina mama wa Paje na Jambiani huufunga kwenye kamba. Mwani mkubwa wa Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia bara, hupanda zaidi ya mita 30 kutoka chini hadi usoni mwa maji, na hali ikiwa njema huweza kurefuka nusu mita kwa siku moja. Kitakoni mwa kila jani pana kifuko cha hewa kinachoufanya uelee, na chini kabisa yapo mafundo yanayofanana na mizizi, ingawa kazi yake ni kushika jiwe tu, kwa kuwa chakula mwani hukinyonya kwa majani. Fundo moja lililong'olewa na dhoruba ukilifumua taratibu kwenye beseni, utakuta kaa wasiozidi ukucha, minyoo, konokono na nyota wa baharini. Katikati ya majani hayo huogelea jamaa wa farasi wa baharini aliyeota vipande vya ngozi mithili ya majani, ambaye dume lake hubeba mayai yapatayo 250 yaliyogandamana chini ya mkia. Samaki huyo hapatikani popote duniani isipokuwa pwani za kusini mwa Australia.

Sehemu kubwa ya misitu hiyo ya mwani mkubwa imeshapotea, na mwaka 2012 serikali ya Australia iliiorodhesha miongoni mwa jamii za viumbe zilizo hatarini kutoweka. Mkondo wa bahari unaoshuka kutoka kaskazini umezidi kusukuma maji yake kusini, na maji hayo, pamoja na uvuguvugu wake, yana upungufu wa naitreti, ambayo ndiyo chakula cha mwani.

Mkondo huohuo ndio uliomleta nungu wa baharini mwenye miiba mirefu, mwenyeji wa New South Wales, jimbo la Australia lililo kaskazini zaidi, aliyeonekana Tasmania kwa mara ya kwanza mwaka 1978. Hutaga wakati wa baridi, na mabuu yake hayakui vizuri maji yakishuka chini ya nyuzijoto 12. Zamani baridi ya Tasmania ilitosha kumzuia, siku hizi haitoshi. Nimemtazama kwa karibu usiku anapotoka ufani: hukwangua jiwe kwa meno yake matano, na anapopita hubaki weupe mtupu. Tathmini ya mwaka 2001 na 2002 ilikuta takriban asilimia 3 ya miamba ya pwani ya mashariki imekwanguliwa hivyo. Kufikia 2016 na 2017 ilikuwa asilimia 15.

Hata hivyo, joto peke yake halikutosha. Adui anayeweza kumla nungu mkubwa ni kambakoche, tena aliyepevuka, mwenye gamba la mgongoni linalozidi milimita 140, na hao wakubwa ndio waliovuliwa kwa miaka mingi. Msomaji wa Kenya ataitambua habari hii, kwa sababu kwenye miamba yetu ya matumbawe nungu huongezeka pale kikande, samaki anayewala, anapovuliwa kupita kiasi.

Linalonisumbua zaidi ni kwamba njia ya kurudi si ile ya kwendea. Nungu wanahitaji kuwa wengi sana ndipo waumalize msitu, lakini ukishakwisha, hata wakipunguzwa nusu mwani haurudi, kwani wachache waliobaki hula kila chipukizi. Ni lazima washushwe hadi takriban sehemu moja ya kumi ya wingi ule wa mwanzo. Ndiyo maana nathamini kazi ya wazamiaji wanaowavuna nungu kwa ajili ya mayai yao, yanayouzwa kama chakula, na pia hatua ya kuwaacha kambakoche wakue. Huko Hobart, mji mkuu wa Tasmania, watafiti wanaotesha miche kutoka kwa mwani uliostahimili joto, wakiikuza kwenye uzi kabla ya kuipeleka baharini, na nungu wasipoondolewa kwanza mahali inapopandwa, miche hiyo huliwa kabla haijashika jiwe.