Kani, Tungamo na Mchapuko: Maana ya F = ma

Kani ni msukumo au mvuto unaoweza kubadili mwendo wa kitu, ama kwa kukiongezea kasi, ama kwa kukipunguzia, ama kwa kukigeuza mwelekeo. Kanuni ya pili ya mwendo, iliyotolewa na Isaac Newton mwaka 1687, hufundishwa shuleni kwa ufupi kuwa F = ma, yaani kani ni tungamo mara mchapuko. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nalo hupimwa kwa kilogramu. Mchapuko ni badiliko la kasi katika kila sekunde, nao huandikwa m/s², yaani mita kwa sekunde katika kila sekunde. Kani inayokipa kitu cha kilogramu 1 mchapuko wa 1 m/s² huitwa nyutoni 1.

Tuchukue mkokoteni wa muuza maji uliopakiwa madumu 10 ya lita 20. Lita moja ya maji ina tungamo la kilogramu 1, kwa hiyo maji peke yake ni kilogramu 200. Tukikadiria mkokoteni na madumu matupu kuwa kilogramu 50, jumla ni kilogramu 250. Ikiwa mkokoteni unaanza kutoka kusimama na kufikia kasi ya 1.5 m/s baada ya sekunde 3, mchapuko wake ni 1.5 ÷ 3, yaani 0.5 m/s², na kani ni 250 × 0.5, sawa na nyutoni 125.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu hudhani kwamba nyutoni 125 ndizo anazosukuma muuza maji. Sivyo. Herufi F husimama badala ya jumla ya kani zote zinazokiathiri kitu, kila moja ikihesabiwa pamoja na mwelekeo wake. Iwapo msuguano unauvuta mkokoteni nyuma kwa nyutoni 75, muuza maji analazimika kusukuma kwa nyutoni 200 ili zibaki 125 za kuongeza kasi. Mkokoteni ukishashika mwendo usiobadilika, mchapuko unakuwa sifuri na jumla ya kani nayo sifuri, ingawa bado anasukuma kwa nyutoni 75 kuulipa msuguano. Kwa maoni yangu, anayelielewa jambo hili ameielewa kanuni yenyewe, hata kama bado anajikwaa katika kuzidisha.

Uzito nao ni kani, wala si tungamo. Karibu na uso wa Dunia kitu kinachoanguka huwa na mchapuko wa takriban 9.8 m/s², hivyo mfuko wa sukari wa kilogramu 2 una uzito wa nyutoni 19.6. Mwezini, ambako mchapuko huo ni kama 1.6 tu, uzito wake ungekuwa nyutoni 3.2, ilhali sukari ni ileile.

Kabla ya kuzidisha, gramu zigeuzwe kuwa kilogramu, na kilomita kwa saa ziwe mita kwa sekunde kwa kugawanya kwa 3.6. Gari la kilogramu 1,200 linalokwenda kilomita 72 kwa saa lina kasi ya 20 m/s. Likifunga breki na kusimama ndani ya sekunde 5, mchapuko wake ni −4 m/s² na kani ni nyutoni −4,800, alama ya kutoa ikionyesha kwamba kani inaelekea kinyume cha mwendo. Sehemu kubwa ya kani hiyo hutokana na msuguano kati ya matairi na barabara, na ndiyo sababu lami ikilowa gari huchukua muda mrefu zaidi kusimama.