Mtoto anakataa chakula: si kimeo, na wembe si dawa

Haya ni maswali ambayo akina mama, na bibi wanaowasindikiza, hutuuliza kliniki ya watoto hapa Tanga wakati mtoto anapimwa uzito. Mengine tumeyajibu mara nyingi sana, na bado watoto wanaletwa wamechelewa.

Mwanangu ana mwaka na nusu. Alikuwa anakula kila kitu, sasa chakula asichokizoea hataki hata kukiona. Anaumwa nini?

Kama anacheza na uzito wake unapanda, mara nyingi haumwi kitu. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 hufika karibu kilo 9 akitimiza mwaka. Mwaka wa pili anaongeza kilo 2 hivi, au 2 na nusu. Kasi ya kukua imeshuka, na njaa nayo imeshuka. Umri huohuo ndio watoto wanaanza kuogopa chakula kigeni, na wengi huendelea hivyo mpaka wanapokaribia kuanza shule. Ni hatua ya ukuaji.

Bibi yake kamchungulia kooni, anasema kimeo kimeshuka, ndiyo maana hali. Tumpeleke akakatwe?

Hapana.

Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Wewe unacho, na bibi anacho. Kinasaidia kuziba njia ya pua unapomeza. Mtoto akiwa na mafua au kikohozi, koo lote linaweza kuvimba, kimeo kikiwemo, na koo likipona nacho kinarudi. Hakuna kimeo kinachomfanya mtoto apende andazi akatae mchicha.

Anayekata hana ganzi, na chombo chake kimeshapita kwenye makoo ya watoto wengine. Sisi tunaletewa mtoto anayetokwa damu isiyokatika, mwenye usaha kooni na homa kali, ambaye sasa hata mate yake hawezi kuyameza. Kuna hatari ya virusi vya UKIMWI na homa ya ini, na kama chanjo zake hazijakamilika, pepopunda. Wapo wanaokufa. Usimkate mtoto kimeo.

Mbona mtoto wa jirani alikatwa, na sasa anakula vizuri?

Alikuwa na kikohozi, na kikohozi kingeisha bila wembe. Kilipoisha, hamu ya kula ikarudi, sifa akachukua mkataji. Waliozika hawapiti nyumba kwa nyumba kusimulia.

Jibu ni lilelile: usimkate. Na wanaokuambia mtoto mchanga ana "meno ya plastiki" yanayomzuia kula, wajibu hivyohivyo. Vile vyeupe wanavyovichokonoa kwenye ufizi ni meno yake mwenyewe yanayotaka kuota.

Basi nimlishe kwa nguvu?

Hili nalo tunaliona sana, na tungependa liishe. Mtoto kalazwa mapajani, miguu imebanwa, mkono mmoja umemziba pua ili afungue mdomo, mwingine unamimina uji. Mtoto anayelia anavuta pumzi kwa nguvu, na uji unaingia njia ya hewa. Anaweza kupaliwa akafa palepale, au akapata nimonia. Akipona anakuwa amejifunza jambo moja tu, kwamba akiona kikombe cha uji akimbie. Mama huyohuyo anarudi kutuambia mtoto hapendi uji.

Lakini mimi nakwambia hali chochote, muuguzi.

Tukiuliza ametia nini mdomoni tangu asubuhi, majibu huja hivi: saa 1 chai ya rangi na andazi, saa 3 bisikuti za dukani, saa 5 juisi ya pakiti, halafu barafu kwa sababu alilia. Saa 7 wali na samaki vinafika, tumbo limeshajaa. Huyo mtoto anakula siku nzima, tena sukari. Kumpa bisikuti kwa sababu amekataa wali ni kumfundisha kukataa wali.

Chai ya rangi ina madhara mengine: inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage. Mtoto anapungukiwa damu, na mwenye upungufu wa damu anakosa hamu ya kula. Mtoto mdogo hana haja na chai. Maziwa ni mazuri, lakini akishavuka mwaka mmoja yasizidi nusu lita kwa siku, la sivyo anashiba maziwa na kuacha chakula.

Chakula kipya nimwanzishie vipi?

Kwa uvumilivu ambao wengi wetu hatuna. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa chakula kilekile mara 10 hadi 15 kabla hajakikubali, na akina mama wengi wanakata tamaa mara ya tatu.

Anza na kidogo, kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi, kando ya kitu anachokipenda. Tuseme anapenda wali, samaki hataki. Siku za mwanzo loweka wali kidogo kwa mchuzi wa nazi aliopikiwa samaki. Kisha weka kinofu kimoja cha changu pembeni ya sahani, umekipapasa kwa vidole mpaka una uhakika hakina mwiba. Akikishika, akakinusa na kukirudisha, mwache: hiyo nayo ni hatua. Usimsifu kama kashinda mashindano wala usimkaripie. Kesho kutwa kiweke tena.

Akae mkekani na wenzake, aone kaka na baba wanakula matembele yaleyale. Mtoto anayelishwa peke yake jikoni anaiga nini? Baba akisema mezani "mimi mboga hizi siwezi", usitegemee mtoto aziweze. Ukienda soko la Mgandini nenda naye, achague papai mwenyewe. Mboga ya majani itie nazi au mafuta kidogo, maana vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uichukue, na kipande cha chungwa baada ya kula kinasaidia madini ya chuma kuingia. Karanga zisagwe, nzima zinapalia watoto wadogo.

Nusu saa ikipita, ondoa sahani bila ugomvi. Hadi mlo unaofuata apewe maji, na katikati kitu kimoja cha maana, kama ndizi au kiazi kitamu. Pipi isiwe zawadi ya kumaliza mboga, utamfundisha kwamba mboga ni adhabu.

Ale kiasi gani?

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili: robo tatu ya kikombe cha mililita 250, au kikombe kizima, mara 3 au 4 kwa siku, pamoja na kunyonya. Wengi mnampakulia sahani ya mtu mzima halafu mnasema hamalizi.

Dawa ya kuongeza hamu ya kula je?

Usijinunulie. Baadhi ni dawa za mzio zinazomlaza usingizi. Hakikisha amepata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A kila miezi 6.

Lini nisisubiri?

Mlete kama uzito haujapanda mahudhurio mawili mfululizo, au utepe wa kupimia unene wa mkono unasoma chini ya sentimita 12.5. Mlete siku hiyohiyo ikiwa uko chini ya 11.5, miguu imevimba, anatapika kila kitu, amelegea, ana homa, anatoa mate kwa kushindwa kumeza, au hawezi kunyonya. Kukataa chakula kwa ghafla pamoja na dalili hizi ni ugonjwa. Njoo kwetu kwanza, usipitie kwa mkata vimeo ukatupotezea siku mbili.

Amekatwa jana. Naogopa kuja, mtanigombeza.

Mlete sasa hivi, hata kama ni usiku. Usimpake kitu kooni, na usimpe uji kwa nguvu. Njiani mbebe ameketi au amelala ubavu, ili damu isirudi kooni. Ukifika sema wazi kwamba amekatwa kimeo, na saa aliyokatwa. Tukidhani ni mafua ya kawaida, tutatibu mafua wakati anapoteza damu.