Kuku 400, daftari moja na programu huria mbili

Mimi ni mhasibu kwa taaluma na mfugaji kwa hiari, na hesabu za banda langu la kuku wa mayai nazitunza kwa programu huria mbili, yaani programu ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza na kuzibadilisha: LibreOffice Calc, programu ya majedwali, kwa kumbukumbu za banda na GnuCash kwa fedha. Zote hupakuliwa bure, ingawa si ubure ulionivuta. Awali nililipia kila mwezi programu ya simu. Nilipochelewa malipo, akaunti ikafungwa pamoja na kumbukumbu zangu za miezi minane.

Kijana wa bandani bado anaandika kwenye daftari, kwa sababu mikono yenye pumba haipatani na kioo cha simu. Jioni nahamishia kwenye Calc idadi ya kuku waliopo, waliokufa, kilo za chakula na mayai yaliyookotwa. Kuku 400, kila mmoja akila gramu 120, humaliza kilo 48 kwa siku. Tuseme kilo ni shilingi 1,500: hizo ni shilingi 72,000. Wakitaga kwa asilimia 80 napata mayai 320, yaani trei 10 na mayai 20, na kila trei imebeba chakula cha shilingi 6,750. Utagaji ukishuka hadi asilimia 65, chakula ni kilekile, lakini trei sasa imebeba takriban shilingi 8,300. Kwa macho banda linaonekana limejaa kuku wazima; safu moja ya Calc, ile ya gharama ya chakula kwa trei, ndiyo inayoniambia kwamba kuna jambo.

GnuCash inadai nidhamu zaidi, kwani kila muamala hugusa akaunti mbili. Mgahawa ukichukua trei kumi kwa mkopo, mauzo yanaongezeka na deni lao linaongezeka. Wakilipa kwa M-Pesa, deni linapungua na salio la M-Pesa linapanda, bila mauzo kuhesabiwa mara ya pili. Hapo ndipo wafugaji wengi ninaowasaidia hujikwaa. Kosa jingine, kubwa kuliko hilo, ni kuona fedha za trei za kwanza kuwa faida, ilhali vifaranga wamekula kwa wiki 18 hadi 20 kabla ya yai la kwanza. Gharama hizo mimi naziandika kama mali, kisha nazipunguza kidogo kidogo katika miezi ya utagaji.

Nimeijaribu pia farmOS, ambayo ni huria na imeundwa mahususi kwa kilimo. Inahitaji seva, yaani kompyuta ya kuihifadhi na kuiendesha mtandaoni, na mtu wa kuitunza, na inawafaa wenye mashamba mengi na mifugo mchanganyiko. Kwa banda moja ni kuingiza trekta kwenye tuta la mchicha.

Hesabu zote za fedha za mwaka zimo katika faili moja la GnuCash. Kila Jumamosi nalinakili kwenye flashi, na flashi hiyo inalala kwa mama mdogo, mtaa wa pili.