Acheni kupandisha memory_limit

Wiki hii ni mara ya tatu. Kijana tunayefanya naye kazi jengo moja hapa Ngong Road kaja na kompyuta yake: "Kaka, msambazaji akituma orodha yote ya bidhaa, PHP inakufa. Nimepandisha memory_limit (kikomo cha kumbukumbu PHP inachoruhusu kwa kila ombi) hadi 512M na bado." Nikamuuliza anausomaje mwili wa ombi, yaani data yenyewe iliyotumwa. Jibu ni lile lile la wote: `file_get_contents('php://input')`, yaani kuusoma mwili wote kwa mkupuo, halafu `json_decode` kuigeuza JSON kuwa data ya PHP.

Kwanza lile dogo, tulimalize. `$_POST` hujazwa kwa aina mbili tu za Content-Type (kichwa cha ombi kinachotaja aina ya data): `application/x-www-form-urlencoded` na `multipart/form-data`. Taarifa ya malipo ya M-Pesa kutoka Daraja (API ya Safaricom) huja kama JSON, kwa hiyo `$_POST` tupu haimaanishi kwamba haikufika. Na `$HTTP_RAW_POST_DATA`, njia ya zamani ya kuupata mwili huo, iliondolewa PHP 7.0. Msiinakili tena.

Sasa kumbukumbu. Wengi huamini kwamba `php://input` ndiyo inayoila. Siyo. Tangu PHP 5.6, mwili wa ombi ukishapita KB 16 huhamishiwa kwenye faili la muda diskini. Umelala huko salama. Wewe ndiye unayeunyanyua wote kwa `file_get_contents`. Kisha `json_decode` inajenga array, ambayo huwa kubwa mara kadhaa kuliko maandishi yenyewe, na maandishi bado unayo mkononi. Vyote viwili vinakaa kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, tena kwa kila ombi. Wasambazaji watano wakituma pamoja, inaweza kufika 512M mara tano. Seva yako itabeba?

Kama unachotaka ni kuhifadhi tu, usiusome kabisa:

```php
$ndani = fopen('php://input', 'rb');
$nje = fopen($njia, 'wb');
stream_copy_to_stream($ndani, $nje);
```

Baiti hupita kipande kwa kipande, iwe MB 2 au MB 200.

Linalonikera zaidi ni ukaguzi wa sahihi, ile alama inayothibitisha kwamba taarifa imetoka kwa mtumaji wa kweli na haijabadilishwa. GitHub, kwa mfano, ikikutumia taarifa huambatanisha HMAC-SHA256, sahihi iliyokokotolewa kwa siri mnayoshiriki kwenye baiti zile zile zilizotumwa. Watu wanafungua JSON, wanaifunga upya kwa `json_encode`, wanakokotoa HMAC, haifanani, kisha wanalalamika kwamba siri waliyopewa ni mbovu. Siri ni nzima! `json_encode` imeweka `\/` palipokuwa na `/`. Imegeuza herufi zenye alama kuwa `\u00e9`. 1500.00 imekuwa 1500. Kama ulifungua kwa array, `{}` imerudi ikiwa `[]`. Maana ni ile ile, lakini HMAC haijui maana, inajua baiti. Nimeona mtu akikagua siku mbili kisha akazima ukaguzi wa sahihi "kwa muda", kwenye mfumo unaopokea pesa za watu. Hilo siwezi kulinyamazia.

Na wala huhitaji kuubeba mwili wote ili uuhakiki:

```php
$h = hash_init('sha256', HASH_HMAC, $siri);
hash_update_stream($h, fopen('php://input', 'rb'));
```

Malizia kwa `hash_final`, linganisha kwa `hash_equals`. Zikilingana, fungua `php://input` tena usome yaliyomo. Tangu 5.6 hiyo inaruhusiwa. Ila kwa `multipart/form-data` utaikuta tupu, maana PHP imeshaichambua.

Nikiri mawili. Mpaka wa kuacha `file_get_contents` na kushika mkondo (kusoma kipande kwa kipande) sina kwa hesabu. Mimi hukata kwenye MB 1 hivi, kwa mazoea, na kwa taarifa ndogo ya malipo sijisumbui. Pili, nimesema mkondo, lakini mbele ya PHP-FPM (inayoendesha PHP), seva ya wavuti Nginx kwa kawaida huupokea mwili wote kwanza ndipo iupitishe. Kwa hiyo unaokoa kumbukumbu, si muda wa kusubiri. Nginx yenyewe hukataa kinachozidi MB 1 usipoibadilisha, na `post_max_size` ya PHP, kikomo cha ukubwa wa mwili, huanzia 8M. Angalieni zote mbili.

Yule kijana tatizo lake halikuwa la kuhifadhi, alihitaji kila bidhaa. Array moja kubwa ya JSON huwezi kuisoma mstari kwa mstari, kwa hiyo alimpigia msambazaji akamwomba atume bidhaa moja kwa kila mstari. Sasa anasoma kwa `fgets`, anafungua mstari, anaingiza kwenye hifadhidata, anausahau. Jana jioni tumeirudisha memory_limit kwenye 128M.