Je, wajua kwa nini tairi la tela la boti hulika upande wa ndani?

Tairi likilika ukingo wa ndani huku ule wa nje ukiwa bado na meno, usikimbilie kununua jipya. Gurudumu halisimami wima. Limelalia ndani, na uzito wa boti unakanyaga ukanda mwembamba wa mpira. Jipya nalo litaliwa vilevile mpaka ujue nini kimelilaza.

Kwa anayevuta boti kutoka Mbeya hadi Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mimi naanza na beringi. Jiji liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, na ukishapita Tukuyu ni kushuka na kukata kona hadi Kyela. Habu, yaani vitovu vya magurudumu vinavyobeba beringi, zinafika ufukweni zina moto. Ukirudisha tela majini papo hapo, hewa iliyo ndani ya habu inapoa ghafla, inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji na uchafu. Grisi inageuka kama uji, beringi inaota kutu na kulika, habu inaanza kucheza, gurudumu linainama. Nawasihi wenye boti: acheni habu zipoe kwanza. Beringi ikivunjika mteremkoni gurudumu huweza kuchomoka, na barabara ile ina watu pembeni.

Kupima ni rahisi. Piga jeki, kinga kwa vigogo, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, fungua habu, badilisha beringi na sili, pakia grisi isiyosombwa na maji.

Lisipocheza, tazama ekseli, chuma kilichokingama chini ya tela kinachoshika magurudumu. Nyingi hutengenezwa zikiwa zimebenuka kidogo katikati ili zikibebeshwa mzigo zinyooke. Ukijaza boti injini ya akiba, madumu ya mafuta na nyavu, ekseli inabonyea na kubaki hivyo. Kuipasha moto na kuigonga nyundo sikubaliani nako, maana moto unadhoofisha chuma. Badilisha.

Na springi je? Kwenye ekseli ya kipande kimoja, springi iliyochoka hailazi gurudumu, ingawa mafundi wengi huitaja kwanza. Inalaza bodi ya tela, uzito unahamia upande huo, na tairi la huko linaisha mapema kuliko mwenzake. Ila bolti ya katikati ya springi ikikatika, ekseli inateleza na kukaa mshazari. Pima kwa futi kamba kutoka kichwa cha tela, pale linapofungwa kwenye gari, hadi kila ncha ya ekseli. Tofauti ikizidi milimita 3 hivi, irudishe mahali pake. Tela la ekseli mbili halisamehe hili: zisipokuwa sambamba, kila moja inaburuza matairi ya mwenzake.

Springi zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, na bushi zake, vile vikombe vinavyokaa kwenye matundu ya springi. Yubolti, yaani bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli, zikiwa za zamani zilizovutika usizirudishe. Baada ya safari ya kwanza, kaza nati tena.

Ukiona kingo zote mbili zimelika sawa, hapo ni upepo mdogo. Katikati pakilika peke yake, umejaza kupita kiasi.